Kuponywa na Kuyumba

Mwinjili Marko anatupa visa viwili vinavyokaribiana, nasi tunapenda kuhubiri cha kwanza. Katika sura ya 7 kiziwi analetwa kwa Yesu, anatengwa na umati, anaguswa masikio, na kwa neno moja, Efatha, anasikia papo hapo. Katika sura ya 8, kule Bethsaida, kipofu anawekewa mikono, kisha anaulizwa anaona nini. Anajibu kwa ukweli: watu anawaona, ila bado anawafananisha na miti. Bwana hamkemei. Anamwekea mikono tena. Uponyaji mwingi wa siku zetu ni wa Bethsaida.

Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili hupandikiza watoto viziwi kifaa cha kusaidia kusikia. Zamani wachache walipelekwa India. Sehemu moja ya kifaa huvaliwa nyuma ya sikio. Nyingine ni waya mwembamba unaoingizwa ndani kabisa, katika chumba kilichojipinda kama gamba la konokono. Sasa, katika mfupa huohuo, pembeni ya konokono huyo, Muumba ameweka mifereji mitatu midogo inayotuambia kichwa kinapogeuka upande wowote. Vyumba hivi vina maji ya asili moja, na habari zake hupita njia moja kwenda kwenye ubongo. Daktari akibisha mlango wa sauti, jirani yake naye hushtuka.

Ndiyo maana baadhi ya waliopasuliwa huona dunia inazunguka. Kwa wengi hupungua baada ya siku au wiki chache. Kwa wengine, hasa watu wazima, huchukua muda zaidi. Ubongo hujifunza upya kwa kutegemea macho, nyayo na sikio la upande wa pili, na hujifunza kwa mtu kuinuka na kutembea, si kwa kulala tu. Mtoto mdogo hawezi kusema ana kizunguzungu. Utamwona anashika ukuta au anarudia kutambaa. Lakini tusiulaumu upasuaji kwa kila kitu: homa ya uti wa mgongo, ambayo huwaacha watoto wengi viziwi, mara nyingi huharibu usikivu na mizani pamoja.

Huku kwetu Mkunya mizani si jambo dogo. Mama zetu walipanda genge na maji kichwani kabla mabomba hayajafika uwandani, na hata leo ndoo hubebwa kichwani. Vijana wetu hucheza ngoma juu ya mironjo. Mtu anayepepesuka njiani, tena msimu wa mabibo, hukumu yake iko tayari: amekunywa uraka. Kuhani Eli alimhukumu Hana hivyohivyo, naye Eli alikuwa mtu wa Mungu, ameketi mahali pake pa kazi, anatazama kwa macho yake mwenyewe.

Swali linalonisumbua ni la wazazi. Je, ni haki kumchagulia mtoto kisu na kizunguzungu ambavyo hakuviomba? Wapo watakaosema kiziwi si mgonjwa, ana lugha yake ya alama, na Kanisa Katoliki lilifungua shule ya viziwi Tabora tangu mwaka 1963 bila kungoja kifaa chochote. Wana hoja. Hata hivyo miaka ya kwanza ndiyo ubongo hushika lugha ya sauti vizuri zaidi. Kungoja mtoto akue aamue mwenyewe nako ni kuamua kwa niaba yake. Mzazi anaweza kuchagua, nadhani. Asichoweza ni kumdai mtoto shukrani, na hapo ndipo sisi wa kanisani tunapokosea zaidi.

Kwa maana tunapenda ushuhuda. Tunataka mtoto asimame mbele, aitwe jina, ageuke, umati upige vigelegele. Hatujui kwamba kifaa huwashwa wiki kadhaa baada ya upasuaji, na kinachosikika mwanzoni si maneno bali makelele, na kwamba kuyafanya makelele hayo yawe maneno ni kazi ya miezi na miaka. Akiyumba pale mbele, tunanong'ona kwamba imani ya wazazi ilipungua. Yakobo aliondoka Penieli akichechemea, na baraka yake ilikuwa kamili.

Nina jambo moja kwa wazee wa kanisa na wahudumu wa mlangoni. Ambaye mizani ya masikio yake yote mawili imeharibika husimama kwa msaada wa macho. Usiku wa mkesha wa Pasaka tunapozima taa zote, macho hayo tunamnyang'anya. Basi atengewe nafasi kando ya ukuta, na mtu wa kumshika mkono awe amekwisha kusimama hapo kabla ya giza.