Hiyo Si ya Leo

Mwaka 2012, nilipopata mshahara wangu wa kwanza Nairobi, nilinunua chupa moja ya mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini kwa shilingi 1,400, nikaifunga kwa leso na kusafiri nayo usiku kucha hadi Kombewa. Nilichojua kuhusu mvinyo kilikuwa kidogo: kwamba wenye pesa huunywa, na kwamba kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kuwa mzuri. Nilimpa baba kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Baba, hii tutaifungua siku ya ayie yangu."

Ayie, kwa asiyejua, ni siku ambayo kwetu Wajaluo upande wa mwanaume huja nyumbani kwa msichana na kumpa mama yake pesa ya kukubali. Neno lenyewe maana yake ni "nimekubali". Na wakati huo mwanaume alikuwepo, sikuwa naota. Baba akaizungushia chupa gazeti, akapanda kiti, akaiweka juu ya kabati chumbani kwake. Ikakaa huko miaka tisa.

Tangu siku ilipofunguliwa nimekuwa nikijiuliza swali ambalo nililidhani dogo: ni haki kuchukua kitu kizuri, ukakiwekea siku moja ambayo haijafika, na kuziacha siku nyingine zote zipite chini yake zikikiangalia?

Sitaki kumdharau mtu anayeweka. Nimelelewa na waweka akiba. Nyanya yangu alikuwa akitundika magunzi bora ya mahindi juu ya meko, moshi uyakinge na wadudu, na hata njaa iwe kali vipi hakuna aliyethubutu kuyagusa. Kabati la sebuleni kwetu lina glasi ambazo sisi watoto tulizijua kwa macho tu. Jamii isiyojua kusema "hii si ya leo" hula mbegu yake, kisha msimu ujao huomba kwa jirani. Na pia kuna ukweli kwamba siku kubwa hufanywa kubwa na vile tulivyoingoja. Ukifungua chupa kila jioni, itabaki nini cha kuonyesha kwamba leo kuna jambo?

Lakini nyanya huyo huyo alikuwa akipika kong'o. Unga unavundikwa, unakaangwa, unachanganywa na kimea cha wimbi, kisha unangojewa. Siku pombe ikiiva, imeiva. Wazee walizunguka mtungi na mirija yao mirefu siku hiyo, kwa sababu baada ya siku chache ingekuwa chachu isiyonyweka. Hapo hukuwa na nafasi ya kumpima mgeni kama anatosha. Kinywaji kilitangaza siku, watu wakaja. Chupa iliyozibwa kwa koki ndiyo ilitufunza kufanya kinyume: sisi ndio tutangaze siku, kinywaji kisubiri.

Kumbe hata mvinyo hausubiri hivyo. Hili nilikuja kulisoma nikiwa nimechelewa. Chupa nyingi zinazouzwa kwenye supamaketi zetu zimetengenezwa zinywewe ndani ya miaka miwili mitatu hivi. Chache tu, zenye tanini na ukali wa kutosha, ndizo huiva zikikaa, na hizo pia hutaka mahali penye giza na baridi ya nyuzi 12 hadi 15, joto lisipande na kushuka. Chupa ya koki hulazwa ili koki isikauke na kuingiza hewa. Yetu ilisimama wima juu ya kabati, chini ya mabati yasiyo na dari, huku Seme ambako mchana joto hugonga nyuzi 30. Kama ungetafuta mahali pabaya zaidi katika boma lote, ungekosa. Na mahali pazuri palikuwa hatua kumi tu kutoka hapo: ile kona ya mtungi wa maji wa mama, ambapo udongo hutoa jasho na sakafu hubaki baridi hata Februari. Hakuna aliyefikiria kuweka kitu cha thamani pale chini. Cha thamani kwetu huwekwa juu.

Mwanaume alienda zake mwaka 2015. Sitaeleza, si hadithi ya kipekee. Ila chupa haikushuka. Nadhani baba aliona kwamba kuifungua ni kunitangazia kwamba amekata tamaa juu yangu, na mimi niliona kwamba kuomba ifunguliwe ni kukubali kwamba nimeachwa. Basi kila Krismasi tuliiacha palepale, kwa upendo, au kwa woga. Siku hizi siwezi kutenganisha viwili hivyo nikiikumbuka.

Agosti 2018 nilikuwa nyumbani kwa likizo. Rafiki wa baba alikuja, mwalimu mstaafu kama yeye. Walifundisha shule moja miaka mingi na kuitana "omera" mpaka nywele zikawa nyeupe. Alitoka upande wa Asat kwa bodaboda, na ngege wawili wamefungwa kwa karatasi. Haikuwa sikukuu wala msiba. Alikuja tu. Walicheka kuhusu mkaguzi fulani wa shule wa zamani hadi baba akaanza kukohoa, kisha nikamwona ameinuka, ameingia chumbani, na nikasikia kiti kikiburutwa. Akarudi na chupa, anafuta vumbi kwa kiganja. Hakusema kitu. Aliniangalia.

Nikasema, "Baba, hiyo si ya leo."

Mgeni alicheka. "Mtoto amesema," akasema, "na chai yake ni tamu, wacha tunywe chai." Baba akairudisha.

Yule mzee hakuiona Krismasi. Mazishini palikuwa na mahema, spika kubwa, ng'ombe wawili, na kwenye meza ya wageni wa heshima kulikuwa na mvinyo wa boksi na chupa za Chamdor kwa wasiokunywa. Wote tulichanga. Mimi nilituma 5,000. Kwetu maiti hapungukiwi kitu. Nilisimama pale na sahani yangu nikihesabu: glasi moja, mwezi wa nane, ingetugharimu nini?

Nimejitetea kwa njia nyingi. Kwamba sikujua ataondoka. Lakini hoja hiyo ni dhaifu, kwa sababu hakuna anayejua kuhusu mgeni yeyote. Kwamba chupa ilikuwa na kazi yake. Sawa, ila ilikuwa chupa ya nani? Nilimpa baba, halafu nikabaki nimeshika ufunguo. Zawadi yenye masharti si zawadi, ni kitu umekihifadhi kwa mtu. Na kosa langu zaidi ni hili: anayeweka chupa kwa ajili ya siku maalum huwa anawapima watu bila kuwaambia. Kila aliyeketi sebuleni miaka ile, chupa ilimtazama kupitia ukuta na kusema, wewe hapana. Mzee yule peke yake ndiye aliyesikia ikisemwa kwa sauti, na sauti ilikuwa yangu.

Mbegu ya nyanya ni jambo tofauti. Mbegu iliyowekwa hurudi ikiwa gunia. Mvinyo uliowekwa hurudi, ukibahatika, ukiwa uleule.

Wetu haukubahatika. Tuliifungua 2021, bila sababu, baba akiwa amechoka kuuona ule mgongo wa gazeti. Koki ilivunjika vipandevipande. Rangi ilikuwa ya chai ya rangi iliyolala, na harufu ikajaza sebule. Baba alionja, akameza kwa adabu. "Hii sasa ni ya kutia kwa samaki." Mama, ambaye ni Msabato na hajawahi kugusa kileo, akauliza kwa nini tangu mwanzo sikuleta tu zabibu.

Pasaka iliyopita nilikuja na chupa mbili za kifuniko cha kuzungusha, za bei ya kawaida. Nikaziweka sakafuni kando ya mtungi. Baba akaziona. "Hizi ni za lini?" Nikamwambia sijui, ni zake.

Jumanne, mjane wa rafiki yake alipita akitoka sokoni, amebeba omena kwenye beseni, akitaka tu kupumzisha miguu. Kabla sijamkaribisha vizuri, baba alikuwa ameshafungua kabati la sebuleni na kutoa zile glasi. Mama mkubwa akaonja, akakunja uso, akasema ni chachu kama ndimu, hakuna sukari?

Nikaenda jikoni kutafuta sukari.