Wapangaji Tuliowakuta

Nyumba ya vyumba sita ya uswahilini, Dar es Salaam, mara nyingi hainunuliwi tupu. Chumba cha mbele yumo fundi cherehani, cha pili mama lishe na watoto wake. Mmoja amelipa kodi ya miezi sita mbele, mwingine ya mwaka mzima, na fedha hizo amekwisha kuzitumia aliyetuuzia. Tunapobisha hodi kudai kodi yetu, mama lishe anatoa karatasi yake: imebaki miezi minne. Je, tumjibu kwamba sisi hatukupokea kitu?

Wengi wetu hujibu hivyo, na ni kweli hatukupokea. Lakini nyumba tuliyoinunua ilikuwa imekwisha kuahidiwa kwa mtu, na hatuwezi kuchukua kuta tukaikataa ahadi.

Mambo ya Walawi, sura ya 25, inazungumzia jambo lililo karibu sana na hili. Mwisraeli hakuruhusiwa kuuza nchi moja kwa moja, kwa sababu mwenyewe ni Mungu na watu wote mbele zake ni wageni. (Neno “mwenye nyumba” tungelitamka kwa sauti ya chini kidogo.) Bei ya shamba ilipimwa kwa hesabu ya mavuno ambayo mnunuzi angeyapata kweli. Basi miezi minne ya mama lishe ni mavuno ambayo hatutayapata, na shauri hilo ni letu na muuzaji. Yeye halimhusu.

Hisani ni jambo jingine. Ikiwa mzee yule alimtoza fundi nusu ya kodi kwa sababu ya ujirani wao, ile ilikuwa sadaka yake, wala haigeuki kuwa deni letu. Muda ukiisha tunaweza kupandisha, kwa taarifa ya mapema. Na asiyelipa kwa ukaidi anaweza kuambiwa ahame. Ila kuezua mabati au kung’oa mlango ili mtu aondoke mwenyewe, kama tunavyoona mitaani, hakufai kwa mtu anayeshiriki Meza ya Bwana.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tuingie chumba kwa chumba, mwenyekiti wa mtaa akiwapo, tumsikilize kila mpangaji mwenyewe, si dalali. Tuandike kodi ya kila mmoja inaisha lini, tujumlishe, kisha tumwombe muuzaji aipunguze katika bei.