Mgeni Aliyesali Nyuma Yetu

  

Ndugu zetu Waislamu, leo hatuandiki juu ya makosa ya watu wengine. Twaandika juu ya kosa letu wenyewe, na tumeona ni kheri kulisema hadharani kuliko kulificha, kwani twachelea kuwa si letu peke yetu.

Mwezi wa Disemba 2023 tulikwenda Meru kwa ajili ya nikahi ya jamaa yetu. Siku ya pili, tulipomaliza kusali Adhuhuri, mzee mmoja alitushika mkono akatukaribisha kwake. Hatukupata kumjua kabla ya siku hiyo. Mzee huyu ni muuzaji wa viazi na maharage katika soko la Gakoromone, soko kubwa la mji ule, ambapo tangu alfajiri magari hushusha ndizi na kabeji na viazi vitokavyo mashamba ya mlimani. Aliyafunika magunia yake kwa turubai, akamwomba jirani yake wa biashara, naye si Mwislamu, amwangalizie, akatupeleka nyumbani. Huko tukawekewa mukimo na nyama ya mbuzi, na chai ya maziwa kwa ile baridi yao. Yote hayo kwa sababu ya salamu moja tu msikitini.

Tulipokuwa tukila akatuuliza: "Sheikh, si wewe usomeshaye baina ya Magharibi na Isha katika msikiti fulani huko Mombasa?"

Tukamjibu kuwa ni sisi.

Akasema: "Basi mwanangu alisali nyuma yako miezi mitatu."

Kijana huyo alikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo. Na wanafunzi wa vyuo vyetu vya Kenya, kabla ya kumaliza masomo, hutakiwa kwenda mahali pa kazi kwa muda wa miezi mitatu hivi, kujifunza kwa mikono yale waliyoyasoma vitabuni. Wao huyaita mazoezi hayo atachimenti. Aghlabu huwa miezi ya Mei hadi Agosti, wakati wa kusi kwetu huku pwani, nayo ni miezi ambayo huko Ulaya ni ya jua na mapumziko. Mwanafunzi hujitafutia mwenyewe mahali pa kumpokea, na mara nyingi halipwi kitu, au hupewa nauli tu. Kijana yule alipata nafasi katika karakana moja ya Mombasa, basi mwezi wa Mei 2023 akatoka Gakoromone na mkoba mmoja, akasafiri kiasi cha kilomita 700 kwa kupitia Nairobi, akauingia mji wetu bila ya kumjua mtu hata mmoja.

Alimjua Mwenyezi Mungu, akauendea msikiti. Nao ulikuwa msikiti wetu.

Baada ya Isha aliomba alale pembeni mpaka asubuhi. Akaambiwa kuwa msikiti hufungwa na hapana ruhusa ya kulala. Aliyemwambia hana kosa, kwani amri ile ilitoka kwetu, baada ya kuibwa mapanka na kipaza sauti. Kijana akalala usiku wa kwanza na wa pili juu ya benchi katika kituo cha mabasi. Siku ya tatu akapata vijana wanne waliopanga chumba kimoja Kisauni, akawalipa ili aweke godoro lake kati ya magodoro yao. Akala mara moja kwa siku. Mwezi wa Julai kodi ikamshinda, akakopa kwa simu, mkopo wa riba, na riba ikazaa riba, hata baba yake akauza ndama ili kumtoa katika deni lile. Na katika hali hiyo yote hakuacha kuja kusali, wala kukaa darsani.

Mzee alitusimulia hayo bila ya kulaumu. Mwisho akasema, tena kwa furaha: "Mwanangu ananiambia Waislamu wa Mombasa wana ilimu nyingi." Akatutajia hata masala aliyosimuliwa na mwanawe. Ndugu zetu, mwezi ule wa Juni tulikuwa tukisomesha haki za jirani.

Hapo chakula kilitushinda kumeza. Na kumbukumbu ikatujia. Twamkumbuka kijana mrefu aliyekuwa akikaa karibu na nguzo ya nyuma. Usiku mmoja alituuliza swali, nasi kabla ya kumjibu tukamsahihisha matamshi yake ya kibara mbele ya watu, na watu wakacheka. Tulimjibu swali lake, lakini jina lake hatukumuuliza. Na nyumbani kwetu kina chumba cha juu, chenye kitanda na chandarua, tulichokiweka kwa jamaa zetu wa Maskati wanapokuja. Miezi ile yote kilikuwa kitupu, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwetu tulipokuwa tukisomesha haki za jirani.

Basi na tuutazame mlango huu kwa sharia, kwani huenda mtu akasema: "Hili ni jambo la hisani tu, atakaye atafanya na asiyetaka hana dhambi."

Kwanza, mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wanasema kuwa msafiri anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, hukatika hukumu yake ya safari; hapunguzi sala, bali husali rakaa nne kama wenyeji. Kila mwalimu wa chuo ayajua haya. Lakini tumeyajua nusu. Tunamwambia kijana wa miezi mitatu: "Wewe umekuwa mkaazi, timiza sala yako," na sala ikisha, twamfanya mpita njia asiye na haki juu yetu. Ikiwa ni mkaazi mbele ya Mwenyezi Mungu, basi ni jirani yetu, na haki zote za jirani zimemthubutukia. Na akiwa hana cha kumtosha, yumo katika mafakiri na maskini wenye fungu lao katika zaka, wala haijashurutizwa zaka imfikie yule tuliyesoma naye chuo kimoja tu.

Pili, msikiti wa Mtume S.A.W. pale Madina ulikuwa na kibaraza kilichoezekwa, Suffa, na humo wakilala wageni wasio na watu wala mali. Abu Huraira alikuwa mmoja wao, na leo hapana Mwislamu asomaye hadithi asiyemhitaji. Lau angefungiwa mlango baada ya Isha, ni ilimu kiasi gani ingetupotea? Na Imamu Shafi mwenyewe ameruhusu kulala msikitini. Hatusemi kuwa misikiti igeuzwe nyumba za kulala wageni, wala kuwa vyombo visilindwe. Twasema kuwa anayefunga mlango wa msikiti ni wajibu wake afungue mlango mwengine.

Tatu, tuitazame khabari ya Abdurrahman bin Auf. Alipohamia Madina hali hana kitu, Mtume S.A.W. alimuunga udugu na Saad bin Rabii, mtu wa Madina mwenye mali. Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea dua ya baraka, asichukue, akaomba aonyeshwe soko. Wakamwonyesha, akauza na kununua, akarudi na samli na jibini, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Kiislamu. Sisi tukiisoma khabari hii humsifu Abdurrahman kwa bidii yake, na twawaambia vijana: "Fanyeni kama yeye, msitegemee watu." Saad twamsahau. Lakini Abdurrahman aliweza kukataa kwa kuwa kulikuwa na aliyempa! Na hata kuonyeshwa njia ya soko ni jambo linalotaka mtu wa kuonyesha. Kijana yule wa Meru hakuhitaji nusu ya mali ya mtu. Alihitaji kuambiwa chumba cha haki ni kiasi gani, gari la asubuhi hupandiwa wapi, chakula cha bei nafuu kiko kwa mama gani, na ni nani wa kumwendea kabla ya kuiendea riba.

Watu wa pwani wana msemo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na jembe lake mkononi. Kila asubuhi alikwenda kazini akarudi na mafuta ya mitambo kwenye vidole. Sisi tulimnyima hata zile siku mbili.

Wala mtu asidhani kuwa tunaleta jambo geni. Ibn Battuta, aliyepita katika pwani yetu mwaka 1331, ameeleza kuwa alipofika Mogadishu alipelekwa akae katika nyumba ya wanafunzi, nyumba iliyotandikwa na kutengenezwa kwa ajili yao, akaletewa chakula. Na khabari ya Mombasa akasema kuwa watu wake ni wacha Mungu na misikiti yao imejengwa vizuri kwa mbao. Na mababa zetu waliishi na wageni wa majahazi wakingojea upepo ugeuke, miezi kwa miezi, na hawakuwauliza: "Wewe ni wa kabila gani?" kabla ya kuwapa maji. Upepo haugeuki upesi kwa ajili ya mgeni wa kusi. Ni vipi basi mgeni ajaye kwa bahari tumwite mgeni, na ajaye kwa barabara tumwite mtu wa bara?

Na huu ndio ugonjwa wenyewe, tuutaje kwa jina lake. Tunapowaona Waislamu wa Meru, wa Embu, wa Isiolo, mioyo yetu husema kuwa Uislamu wao ni wa kuazima na wetu ni wa asili. Haya ni majivuno ya zama za ujinga. Mwenyezi Mungu hakuuweka ubora katika nasaba wala katika matamshi, aliuweka katika ucha-Mungu. Mzee wa Gakoromone alifunga biashara yake mchana kwa ajili ya mtu asiyemjua. Nasi tulimfungia mwanawe mlango.

Atakuwako wa kusema: "Wageni ni wengi, na wengine ni wezi." Ni kweli, na sharia haikatazi hadhari. Zamani imamu wa mji mmoja alimwandikia mwenziwe barua juu ya msafiri. Leo kila mtu ana simu mfukoni, na imamu wa Meru apatikana kwa dakika moja. Aliyekosekana si njia ya kumjua mgeni, ni mtu wa kutaka kumjua.

Tumeazimia mambo haya, na twawaomba ndugu zetu wa misikiti mingine wayatazame. Kila msikiti uweke mtu mmoja, baada ya Isha, kazi yake kuwasalimu wasiojulikana na kuwauliza majina yao na walalapo. Iwekwe orodha ya nyumba zenye vyumba, na wenye nyumba wamche Mungu katika kodi. Kwa mabinti wajao kujifunza hospitalini na maofisini, kina mama wa mtaa wawe ndio wapokeaji, kwani binti hana benchi la kituoni la kulala. Na sehemu ya zile pesa tunazozimaliza kwa biriani za hitima zitiwe katika mfuko wa kukopesha bila ya riba.

Nanyi vijana, mnapotoka makwenu, mwombeni imamu wenu apige simu kabla hamjaondoka. Ombeni ruhusa ya sala ya Ijumaa siku ya kwanza ya kazi, kwa adabu, wala msingoje wiki ya tatu. Mikopo ya simu iogopeni kama moto. Na mkikaa msikitini siku tatu pasiwe na wa kuwauliza jina, jitajeni wenyewe. Huenda sheikh mwenyewe ndiye aliyeghafilika.

Katika sura ya Kureishi Mwenyezi Mungu anawakumbusha watu wa Maka safari zao mbili, ya majira ya baridi na ya majira ya joto, na kwamba Yeye ndiye aliyewalisha wakaokoka na njaa na kuwasalimisha na khofu. Hakuna msafiri asiyehitaji haya mawili, chakula na amani, na Mwenyezi Mungu huyapitisha katika mikono ya watu. Mikono yetu ilikuwa imefumbwa.

Tulipoagana, mzee yule alitutajia kuwa ana binti anayesomea uuguzi, na kwamba zamu yake ya mazoezi yaja. Hakutuomba kitu. Tuliporudi nyumbani tukaupeleka ufunguo wa chumba cha juu kwa mke wetu, akamwandikia mama wa binti kuwa kitanda kipo. Jamaa zetu wa Maskati wakija, watatuwia radhi.

Mola wetu, tusamehe kwa yule tuliyemsahau, wala usitufanye katika wale wajuao wasitende. Amin.