Raha ya Bustani na Haki ya Mwenye Kiu

Wako wadhanio kuwa mcha Mungu hana fungu katika raha. Sisi hatuoni hivyo. Kuketi kivulini, kula tunda lililoiva na kusikiliza ndege si haramu wala si upuzi. Na asiyepumzika kabisa, hata ibada humlemea. Lakini huenda raha yenyewe ikawa safi, na kosa likawa katika uzio wake.

Mwezi wa Januari 2023 tulialikwa na rafiki yetu mwenye shamba kando ya Mto Tana, si mbali na mji wa Garissa. Kiangazi kilikuwa kikali mno. Mvua zilikuwa zimekosekana misimu mitano mfululizo tangu mwishoni mwa 2020, na njiani tuliona mizoga ya ng'ombe. Tulipoingia shambani tulijiona tumehamia nchi nyingine: miembe imeinama kwa mzigo wake, migomba, mipapai, na mfereji mdogo ukipitisha maji mekundu yavutwayo mtoni kwa mashine. Tukatandikiwa mkeka, tukala maembe hata tukaona haya. (Na maembe ya Garissa, tusiwadhulumu wenyewe, hayana haja ya kuyaonea wivu ya Lamu wala ya Malindi.)

Baada ya sala ya alasiri tukasikia kengele za mti, zile wavaazo ngamia. Nyuma ya uzio wa miiba walisimama wachungaji na wanyama wao, wakiyaona maji wasiyafikie. Pale palikuwa malka, yaani njia wapitayo wafugaji kunywesha mifugo mtoni. Mwaka uliotangulia mwenyeji wetu alikuwa ameipanda milimau. Iliwabidi wazunguke mbali.

Tulimwuliza. Hakukasirika. Alisema ngamia wakiingia usiku mmoja, kazi ya mwaka mzima imekwisha, na deni la mashine halingoji mvua. Neno hili ni la kweli, na sisi watu wa mjini tununuao embe sokoni tusilidharau. Lakini jasho lake limo katika mti, halimo katika mto. Maji yale yatoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, yakapita kwake, yakaishia baharini karibu na Kipini. Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa watu ni washirika katika maji, akafundisha pia kuwa akipandacho Mwislamu, akila mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Wala hiyo si ruhusa kwa mchungaji kulisha mifugo yake katika shamba la mtu: thawabu ya aliyeibiwa haimtakasi mwizi.

Na sisi wageni je? Tulipokula hatukujua. Lakini tulipokwisha kujua tulipewa kikapu cha maembe, na tukaondoka nacho. Hilo limetusumbua kuliko uzio.

Novemba 2023 Tana ilifurika, ikachukua uzio na milimau pamoja. Mwenyeji wetu alipoanza kuchimba tena mashimo ya nguzo tulimwandikia, tukamwomba aiache malka wazi, nasi tutachanga fedha za kuizungushia uzio huku na huku, ngamia wapite wasiingie shambani. Jibu lake lilikuwa fupi: njooni tupime pamoja.