Mashahidi Wengi, Mto Mmoja

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, lakini historia ya mto Lualaba inatulazimu kuipima methali hiyo upya. David Livingstone alifika Kabambare mwaka 1869, akaiandika Bambarre, na baadaye ugonjwa ukamkalisha hapo miezi mingi. Machi 1871 alifika Nyangwe, upande wa Kasongo, akauona mto mpana unaokwenda kaskazini. Akashikilia kuwa ni Nile, ingawa hofu kwamba huenda ni Kongo haikumwacha. Agosti 1874 Verney Lovett Cameron alifika hapohapo na swali jingine: maji haya ni mengi kiasi gani, na mahali hapa pana kimo gani? Wingi wa maji ulizidi mno ule wa Nile kule Gondokoro, na vipimo vyake vya kimo navyo vikaikataa Nile. Kisha Henry Morton Stanley akashuka na mto kutoka Nyangwe mwishoni mwa 1876, mfanyabiashara Tippu Tip akimsindikiza mwanzoni, akatokea Boma Agosti 1877, ikathibitika kuwa Lualaba ni Kongo. Ramani ikaungwa kwa vipande vya watu watatu. Je, iliaminika kwa sababu walikuwa wengi?

Swali hilo leo linaulizwa kuhusu roboti. Septemba 2021, huko Louisville, Marekani, timu kadhaa zilishindana kuingiza makundi ya roboti katika mapango na mahandaki yasiyofikiwa na mawimbi ya setilaiti. Kila kitu kilichofichwa humo kilipaswa kutajwa mahali pake kwa kosa lisilozidi mita 5. Roboti aliye gizani huhesabu mwendo kuanzia pale aliposimama kwanza. Gurudumu likiteleza kidogo, kosa hukua kwa kila hatua, na mwenzake naye ana makosa yake. Siku wakitambua kwamba wote wawili wamepita kona moja, ramani zao hufungwa pamoja, na makosa ya nyuma hurekebishwa kote kote. Ila mahandaki hufanana. Kona mbili tofauti zikidhaniwa ni moja, ramani nzima hupinda. Ndiyo maana programu nzuri haikubali mfanano mmoja mpaka mingine iuunge mkono, tena hujihadhari isiihesabu habari moja mara mbili kwa kuwa tu imepitia kwa wajumbe wawili.

Waislamu wa Kasongo wataitambua tahadhari hii, maana wanazuoni wa hadithi waliijua kabla ya mashine. Habari waliyoiita mutawatir ni ile iliyopokewa na watu wengi kiasi kwamba haiwezekani wawe wamepatana kusema uongo. Lakini watu mia waliosikia kwa msimulizi mmoja, kwao, walirudi kuwa msimulizi mmoja. Sheria ya Musa nayo, inayosomwa makanisani, inadai mashahidi wawili au watatu. Hoja yangu basi ni hii: wingi una thamani pale tu kila shahidi ameona kwa njia yake. Cameron angefika Nyangwe akatazama tu upande mto unakoelekea, angeongeza sauti, asingeongeza ushahidi.

Atatokea wa kusema kwamba mfano huu haufai, kwa kuwa binadamu husema uongo na roboti hana sababu ya kudanganya. Ni kweli hana nia mbaya, lakini Livingstone naye hakudanganya. Alikosea kwa moyo safi, na kosa la moyo safi ndilo gumu kushukiwa. Mwingine atasema kwamba hata mashahidi wasiojuana wanaweza kukosea pamoja, kama roboti kumi zenye kipimo chenye dosari moja. Pingamizi hili ni zito, nalo linaongeza nguvu ya hoja: lazima ushahidi uwe wa aina tofauti. Vipimo vya kimo vya zama za Cameron vilikuwa na kasoro. Wingi wa maji uliposema jambo lilelile, hitimisho likawa na miguu miwili.

Pingamizi la tatu ndilo linalouma Maniema, mkoa wenye Nyangwe na Kabambare. Ramani ile ilikuwa sahihi, na miaka michache baadaye, katika mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, bonde la mto huo lilijadiliwa bila wenyeji wake, likaangukia mikononi mwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Usahihi, basi, hauleti haki. Nakubali. Hata hivyo, namna ramani inavyoundwa haiko nje ya haki. Wagenya waliovusha watu kwa mitumbwi pale Nyangwe waliyajua maji yao kabla ya msafiri yeyote. Ujuzi wao ulitumika, ila hawakuandikwa kuwa mashahidi. Ramani ya roboti iliyotengenezwa vizuri huhifadhi kila kipimo pamoja na jina la aliyekileta, kama isnadi ya hadithi ihifadhivyo majina ya wapokezi, ili kipimo kibovu kikigundulika king'olewe na vilivyosalia vibaki. Ikiwa siku moja mashine zitapelekwa kuchora mashimo ya dhahabu ya Namoya, mwenyeji wa Kabambare ana haki ya kuuliza kila mstari umetoka kwa nani, na ana haki ya kuwa mmoja wa wanaoweza kuusahihisha.