Meza ya Gharama na Heshima ya Mgeni

Katika mambo ambayo watu hubishana juu yake, hili ni moja: je, ni halali mtu kutoa fedha nyingi kwa mlo mmoja, hali jirani yake hana unga nyumbani? Wengine husema, "Ni dhambi tupu." Wengine hujibu, "Fedha ni yake na tumbo ni lake, nani amhukumu?" Sisi twaona ya kuwa majibu yote mawili yametolewa kwa haraka. Yafaa kwanza tutazame ni kitu gani hasa kinunuliwacho katika nyumba za namna hiyo.

Na tutwae mfano mmoja. Kaskazini ya Italia uko mji uitwao Modena, wenye watu wapatao 185,000. Si mji mkuu, wala si kijiji. Wenyeji wake husifiwa kwa siki yao, ambayo ile ya asili hukaa katika mapipa miaka 12, au hata 25, kabla ya kuuzwa. Katika mji huo mpishi Massimo Bottura alifungua mkahawa mwaka 1995, akauita Osteria Francescana. Neno osteria kwa Kiitalia ni jina la nyumba ya kawaida ya kunywea divai na kula. Walakini nyumba hii si ya kawaida. Meza zake ni 12 tu, na mlo wa mtu mmoja hupita euro 300. Kitabu cha Michelin, kilichoanzishwa mwaka 1900 na watengenezaji wa mipira ya magurudumu ya motokaa, kimeupa nyota tatu, ndiyo daraja ya juu kabisa. Mwaka 2016, na tena mwaka 2018, ulitajwa kuwa wa kwanza katika orodha ya mikahawa 50 iliyo bora duniani.

Basi, mtu aketiye pale hununua nini? Kwanza hununua chakula. Lakini tumbo halijui nyota. Lingeshiba vilevile kwa maharagwe. Pili, hununua kazi ya mikono ya watu: mfuga ng'ombe, mtengeneza jibini, mpishi aliyejifunza miaka mingi. Kazi hiyo haina aibu. Mwezi wa Mei mwaka 2012 tetemeko la nchi liliitikisa sehemu ile ya Italia, na jibini nyingi mno, zilizopangwa zikingoja kukomaa, zikaanguka na kuharibika. Watengenezaji wakaona hasara kubwa mbele yao. Bottura akatunga pishi la wali kwa jibini ile na pilipili manga, na watu wa nchi nyingi wakaipika nyumbani mwao, jibini zikapata wanunuzi. Hapo ujuzi wa meza ya gharama uliwafaa watu wa mashamba. Asemaye kwamba ufundi huo wote ni ubatili, amesema bila kuchungua.

Tatu, hununua heshima. Mlangoni hupokewa kwa jina lake, huvutiwa kiti, na watumishi wa meza humwangalia asipungukiwe na kitu. Hapa ndipo penye shida. Kumheshimu mgeni ni jambo jema. Lakini heshima ikimfuata kwa ajili ya mfuko wake tu, haikumjia yeye, imeujia mfuko. Na mtu akiona chakula kitamu kwa sababu wengine wamefungiwa nje, huyo hali chakula tena, bali ala unyonge wa wenzake.

Je, heshima hiyo yaweza kutengwa na fedha? Twaona kwamba yaweza. Mwaka 2015 yalifanyika katika mji wa Milan maonyesho ya mataifa yote juu ya kuilisha dunia. Bottura, pamoja na shirika la Caritas Ambrosiana, alitengeneza jumba la michezo ya kuigiza lililokuwa limeachwa katika mtaa wa Greco, likawa chumba cha kulia, likaitwa Refettorio Ambrosiano. Wapishi wenye sifa kubwa, miongoni mwao Alain Ducasse na Ferran Adrià, wakaja kupika vyakula vilivyobaki katika maonyesho, ambavyo vingetupwa: mkate mkavu, ndizi zilizoiva mno, mboga zilizosinyaa. Walioketi mezani walikuwa watu wasio na makao. Nao hawakupangwa mstari na sahani mkononi. Waliketi, wakaandaliwa kama wageni.

Labda msomaji atasema, "Mwenye njaa ataka kushiba, kiti kizuri chamfaa nini?" Ni kweli, njaa haingoji. Lakini mtu apewaye chakula huku akisukumwa na kukemewa hushiba tumbo, na moyoni hurudi ameambiwa kwamba yeye ni mzigo. Wazee wetu walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Maji ya kunawa, mkeka uliotandikwa na neno la upole havina bei.

Wala tajiri wa Modena asijifariji kwa kusema kwamba mpishi wake amekwisha kuwahurumia maskini kwa niaba yake. Deni la mtu halilipwi na mpishi. Mwenye ada ya watoto isiyolipwa, au mama mgonjwa asiye na dawa, akitoa euro 300 kwa mlo mmoja ili aonekane na watu, amewanyang'anya wa nyumbani mwake. Bali mwenye kutimiza wajibu wake kwanza, akaifurahia kazi ya mafundi kwa kiasi, na kumshukuru mtumishi amwandaliaye kama amshukuruvyo mwenye nyumba, hatuoni la kumlaumu.

Nasi tusiwanyoshee kidole watu wa Italia. Katika arusi zetu vijijini, wenye vyeo huketishwa ndani penye viti, wakapewa nyama ya kwanza. Na mjane aliyetwanga mahindi tangu alfajiri hula mwisho, amesimama nyuma ya jiko, ukoko uliobaki sufuriani. Huko hakuna nyota wala euro, lakini ubaguzi ni ule ule. Karamu itakayofuata kijijini, wenye kuandaa na wamwite mjane yule aketi mapema, kabla nyama haijagawanywa.