Jina la Babu na Haki ya Mzee

Majina ambayo wajukuu huwaitia wazazi wa wazazi wao ni mafupi, na kwa ufupi wake watu huyadhania kuwa mepesi. Mswahili wa Tanzania husema babu na bibi. Jirani yake wa Kenya humwita bibi huyo nyanya, neno ambalo kwa Watanzania wengi ni tunda la kutilia mchuzini. Mganda husema jjajja bila ya kubagua mume na mke, na Mkikuyu wa Kenya ana guka na cucu. Yote ni maneno ya silabi mbili, ambayo ulimi wa mtoto waweza kuyabeba kabla haujaweza kubeba mengine. Lakini wepesi wa kutamka si wepesi wa maana. Mzigo ulio ndani ya maneno haya ndio nitakaoupima katika insha hii.

Kikuyu ya mjini Dodoma, ambayo isichanganywe na kabila la jina hilo, ni mahali pafaapo kwa kipimo hicho. Ni nchi ya Wagogo. Lakini tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuifanya Dodoma makao makuu, na hasa baada ya serikali kuanza kuhamia kwa wingi kutoka mwaka 2016, watu wa makabila mengi wamekuwa majirani. Chuo Kikuu cha St John's, kilichofunguliwa huko mwaka 2007, nacho huleta vijana wa kila upande. Katika ua mmoja watoto hukopeshana maneno, na bibi wa mmoja huwa bibi wa wote. Hapo ndipo swali hutokea: Je, jina hili ni mali ya nani? Ni la mzee aitwaye, au ni la mtoto aitaye?

Wako wasemao kuwa ni la mtoto, kwa kuwa yeye ndiye aliyelitia utamu. Wengine husema ni la mzee, kwa kuwa yeye ndiye aliyelifikia kwa umri. Mimi naona kuwa si la mmoja wao, bali ni ahadi baina yao. Tazama utani wa nyumbani. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, na mjukuu humshitaki babu kwa kumnyang'anya mke. Mjukuu wa kike naye huitwa mke mwenza. Mtaalamu Radcliffe-Brown, alipoandika juu ya utani mwaka 1940, aliona kuwa mjukuu na babu huwa karibu kwa namna ambayo baba na mwana hawawezi, maana baina ya baba na mwana kuna amri, na amri haitaniwi. Vivyo hivyo, baba aliyempa mwanawe jina la mzazi wake humwita mtoto huyo baba. Mzee aliyekaribia kutoka duniani huitwa katika mwili wa aliyeingia jana. Jina dogo limeunganisha ncha mbili za uhai.

Ikiwa ni ahadi, basi ina deni kwa pande zote mbili. Anayeitwa bibi hudaiwa huruma, hadithi na maonyo. Anayemwita hudaiwa ulinzi. Deni la upande wa pili ndilo lisahauliwalo. Katika baadhi ya sehemu za Tanzania, hasa Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi dalili iliyotajwa ilikuwa macho mekundu. Wekundu huo huletwa na moshi wa jiko kwa mtu aliyewapikia wengine miaka mingi. Waliokula chakula chake walimwita bibi. Siku ya hofu jina likabadilika, naye akaitwa mchawi. Jina la mapenzi lisilosimama mlangoni siku ya hatari ni sauti tu.

Kuna dhuluma nyingine iliyo ya upole zaidi. Vijana wengi hawayajui majina halisi ya bibi zao. Wakiulizwa mahakamani siku ya mirathi, hutazamana. Msomaji aweza kujibu kuwa ni adabu kutolitamka jina la mkubwa, na kweli ni adabu. Lakini kutolitamka ni jambo moja na kutolijua ni jambo jingine. Anayenyamaza hali anajua amestahi. Anayenyamaza kwa kutojua hana alichokistahi. Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, alipotoa mwaka 1954 kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, aliwahifadhia wajukuu mambo ambayo huzikwa pamoja na wazee. Si kila mtu aweza kuandika kitabu. Bali kila mjukuu aweza kuuliza: Bibi, ulizaliwa wapi, na mama yako alikuitaje?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60. Serikali haina budi kuhesabu, na hesabu yake ina manufaa. Lakini hesabu humjua mtu kwa miaka yake, na jina la nyumbani humjua kwa watu wake. Mzee ana haki ya vyote viwili, na juu yake ana haki ya tatu: kwamba chini ya jina babu, au chini ya jina bibi, akumbukwe mtu aliyepata kuwa kijana, aliyependa, aliyekosa na aliyetumaini, kabla mjukuu yeyote hajazaliwa kumwita.